Mwanasesere anapojibu: nasaha kwa wazazi kuhusu roboti za kufundishia watoto

 

Ndugu msomaji, katika makala ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo linalowagusa wazazi wengi wa pwani yetu, nalo ni vitu vya kuchezea watoto. Hatukusudii magari ya makopo wala tiara za magazeti tulizozirusha sisi wenyewe utotoni. Tunakusudia wanasesere na roboti zinazoongea, zinazosikiliza na kujibu maswali, ambazo wauzaji wake wanatuambia kuwa zitawafundisha watoto wetu kusoma, kuhesabu, na hata kuhifadhi Qur'ani. Je, mzazi azinunue? Na akizinunua, achague ipi na aache ipi?

Kisa cha Mapinga

Baada ya sikukuu ya Idd el-Fitri iliyopita, mwandishi wa makala haya alialikwa kwa ndugu mmoja anayeishi Mapinga, katika barabara iendayo Bagamoyo. Nyumbani hapo yupo binti wa miaka sita, ambaye ami yake aliyerejea kutoka Muscat alimletea zawadi ya roboti nyeupe yenye urefu wa dhiraa moja, macho yake yakiwaka taa za buluu. Roboti hiyo inaimba, inahesabu na kutaja majina ya sayari. Lugha inazozijua ni Kiingereza na Kiarabu.

Binti aliketi mbele yake kwa adabu zote, kama anayempokea mgeni, akaiuliza: "Unaitwa nani?" Roboti ikaimba wimbo wa Kiingereza. Akauliza mara ya pili, kisha ya tatu, akiinua sauti. Wimbo ukawa ni ule ule. Mwisho akamgeukia bibi yake aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele: "Bibi, huyu hanielewi." Bibi akacheka, akamjibu: "Basi mfundishe, mke mwenzangu."

Tulicheka sote, tukaendelea na mazungumzo yetu. Lakini mwandishi alipopita tena hapo baada ya wiki mbili, alikuta mambo yamebadilika. Binti yule aliyekuwa hatoki barazani kwa bibi yake, akitegewa vitendawili hadi adhana ya Magharibi, sasa alikuwa chumbani na mlango umefungwa, yeye na roboti yake. Mama yake alisema kwa furaha kabisa: "Tangu ije hiyo, nyumba imetulia." Bibi yeye hakusema neno. Aliendelea kuchambua mchele wake.

Utulivu huo ndio uliotusukuma kuandika makala haya.

Mchezo si upuuzi

Kwanza ni vyema ikaeleweka kuwa Uislamu haukuja kuwanyima watoto michezo. Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere aliowachezea pamoja na wasichana wenzake, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaita wenzake hao warudi wacheze naye pale walipojificha kwa kumwonea haya. Kutokana na mapokezi hayo, wanachuoni wengi wamewaruhusu watoto kuchezea wanasesere, ingawa wamekhitalifiana katika masuala ya sanamu kwa jumla.

Aidha, Abu Dawud amepokea kisa cha farasi wa Bibi Aisha mwenye mabawa ya kitambaa. Mtume (S.A.W.) alipomwona farasi huyo hakupita tu. Alimuuliza mkewe ni kitu gani kile, akauliza tena kile kilichokuwa juu yake ni nini, kisha akastaajabu farasi kuwa na mabawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha habari za farasi wa Nabii Suleiman (A.S.), naye akacheka mpaka meno yake yakaonekana. Vilevile alimuuliza mtoto mdogo Abu Umayr habari za kindege chake alichokuwa akikichezea.

Tuzingatie jambo moja katika visa hivyo viwili. Kitu cha kuchezea kilikuwa kimya. Aliyeuliza maswali alikuwa ni mtu mzima, na aliyejibu alikuwa ni mwenye kucheza. Hapo ndipo penye elimu, na ndipo tutakaporudi kila mara katika makala haya.

Wala mashine zenye umbo la mtu si jambo geni kwetu. Mwaka 1206, fundi Mwislamu aitwaye Ismail al-Jazari, aliyekuwa akiutumikia ufalme wa Waartuki huko Diyarbakir, ambako leo ni Uturuki, alikamilisha kitabu chake cha vifaa vya ajabu. Ndani yake mna jahazi lenye wanamuziki wa kutengenezwa wanaopiga ala kwa nguvu ya maji, na watumishi wa bandia wanaomletea mtu sabuni na taulo anaponawa mikono. Kwa hiyo, anayesema kuwa roboti ni bidaa ya Magharibi ameisahau historia yake mwenyewe. Suala letu si asili ya mashine, bali ni kazi yake ndani ya nyumba.

Kelele zikizidi, maneno hupungua

Wauzaji husema kuwa mwanasesere anayeongea humfanya mtoto ajue kuzungumza mapema. Dai hilo limewahi kupimwa. Mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, nchini Marekani, aliwachunguza wazazi 26 na watoto wao wachanga wenye umri wa miezi 10 hadi 16, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la madaktari wa watoto, JAMA Pediatrics. Kila familia ilipewa vitu vya aina tatu: vinavyotoa sauti na taa kwa betri, vya kawaida kama vipande vya mbao vya kupanga, na vitabu vya picha. Sauti za nyumbani zikarekodiwa.

Walipochezea vitabu, wazazi walitamka maneno takriban 67 kwa kila dakika. Kwa vitu vya kawaida walitamka takriban 56. Kwa vile vya betri vinavyoongea, maneno ya wazazi yalishuka hadi takriban 40. Watoto nao walitoa sauti chache zaidi. Sababu yake haihitaji elimu kubwa: kitu kinapoongea, mzazi hunyamaza. Anadhani kazi yake imeshafanywa.

Utafiti huo ulihusu watoto wachanga na familia chache, hivyo tusiutumie kuhukumu kila kitu na kila umri. Hata hivyo, mwenye kufikiri ataona kuwa ule utulivu uliomfurahisha mama wa Mapinga una bei yake, na anayeilipa ni mtoto.

Somo kutoka kwa jirani zetu wa Tanga

Kwa upande mwingine, si haki kusema kuwa mashine haina faida yoyote. Ushahidi wa faida yake hatuna haja ya kuufuata Ulaya. Upo kwa jirani zetu, ukivuka tu Saadani na kuingia Mkoa wa Tanga.

Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Shindano hilo liliendeshwa kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua vilijengwa vijijini. Makundi matano yalishindana kutengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila ya mwalimu kusimama mbele yake. Mojawapo, kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, iliitwa RoboTutor, yaani roboti mwalimu, nayo ilimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti.

Kabla ya kuanza, takriban robo tatu ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 makundi mawili, onebillion na Kitkit School, yaligawana zawadi ya dola milioni 10.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, mashine ikitengenezwa vizuri inaweza kumwinua mtoto aliyekosa mwalimu. Pili, mashine hizo zilizungumza Kiswahili, lugha ya mtoto mwenyewe. Tatu, hata baada ya miezi 15 nusu ya wale waliokuwa hawajui kusoma neno walibaki hivyo. Mashine ilisaidia, lakini haikuziba pengo la mwalimu.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Mzazi wa Bagamoyo anayekwenda Kariakoo kutafuta zawadi atakuta maduka yamejaa, na kila boksi lina picha ya mtoto anayecheka. Basi na ajiulize maswali haya matano.

La kwanza: kinazungumza lugha gani? Nyingi ya roboti tulizoziona madukani zinazungumza Kiingereza au Kichina, na matamshi ya baadhi yake hata mwenye lugha asingeyatambua. Mtoto anayeanza kujua maneno anahitaji lugha anayoweza kujibiwa kwayo. Kama lengo ni kujifunza Kiingereza, ni sawa, lakini awepo mtu wa kumfasiria. Na kama hakuna roboti ya Kiswahili, tukumbuke kuwa vipo vipindi vya kielimu vilivyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam kwa Kiswahili, kama vile Ubongo Kids kilichoanza mwaka 2014.

La pili: nani anamwamuru mwenzake? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mwalimu Seymour Papert na wenzake huko Marekani walishikilia kuwa mtoto ndiye aiamrishe mashine, si mashine imwamrishe mtoto. Wakabuni lugha ya kompyuta iitwayo Logo, na kobe wa kutembea sakafuni kwa amri za mtoto. Katika njia hiyo hiyo yupo nyuki wa plastiki aitwaye Bee-Bot, ambaye hana lugha wala intaneti. Mtoto hubonyeza mishale mgongoni mwake: mbele, mbele, kulia, kisha hutazama kama nyuki amefika alikokusudia. Akikosea, hufikiri upya. Roboti ya aina hii, ijapokuwa haisemi neno, inafundisha zaidi kuliko inayoimba kutwa nzima huku mtoto akibonyeza kitufe kimoja.

La tatu: nani anasikiliza? Roboti inayojibu maswali kwa kupitia intaneti huchukua sauti ya mtoto na kuipeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyoko mbali. Mwezi Februari 2017, Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, na mamlaka husika zikawashauri wazazi wamharibu, kwa kuwa mtu aliye karibu angeweza kujiunga naye kwa simu na kusikia yanayosemwa ndani ya nyumba. Kabla ya hapo, Novemba 2015, wezi wa mtandaoni waliingia katika kumbukumbu za kampuni ya VTech ya Hong Kong na kuzipata taarifa za watoto zaidi ya milioni sita. Sisi wenyewe tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa ni nyeti. Lakini sheria haikai sebuleni kwako. Siri ya nyumba ni amana. Kinachosikia kisiingie chumba cha kulala, na kisipotumika kizimwe.

La nne: kitamjibu nini? Roboti za zamani zilikariri sentensi zilizowekwa na mtengenezaji. Hizi za sasa zinazotumia akili mnemba hutunga majibu papo hapo, na hata aliyezitengeneza hajui zitasema nini kesho. Novemba 2025, shirika la kutetea wanunuzi la Marekani liitwalo PIRG lilitangaza matokeo ya majaribio yake. Dubu mmoja aitwaye Kumma alieleza mahali pa kupata visu na viberiti, na mazungumzo yaliporefushwa akaingia katika mambo ya faragha ya watu wazima. Kampuni ilisimamisha mauzo yake kwa muda. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutofautisha jibu la dubu na jibu la mama. Kwa hiyo, roboti ya namna hii mzazi aijaribu mwenyewe kwa siku kadhaa, aiulize maswali ya kitoto na maswali ya hatari, kabla ya mtoto kuigusa. Na ikishindwa mtihani huo, isitolewe kwenye boksi tena.

La tano: kitadumu, na kina usalama gani? Mwishoni mwa mwaka 2024, kampuni ya Embodied ya Marekani, iliyotengeneza roboti ya watoto iitwayo Moxie kwa bei ya karibu dola 800, ilitangaza kuwa inafunga kwa kukosa fedha. Roboti hiyo ilitegemea kompyuta za kampuni, hivyo wazazi wakaambiwa kuwa itaacha kufanya kazi. Wakabaki kuwaeleza watoto kwa nini rafiki yao ananyamaza. Kwa umeme wetu na vifurushi vyetu vya intaneti, ni busara kuchagua kitu kisichohitaji ruhusa ya mtu aliye ng'ambo ili kifanye kazi.

Katika usalama, lipo jambo moja tunaomba kila mama alishike. Zile betri ndogo za mviringo, mfano wa sarafu, ni hatari kubwa. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu, hata kama betri ilikuwa imekwisha nguvu. Usinunue kitu ambacho kifuniko cha betri kinafunguka kwa ukucha. Kiwe kimefungwa kwa skrubu. Na ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, usingoje kesho wala usimtapishe. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Vipi kuhusu vifaa vya Qur'ani?

Wasomaji wengi hutuuliza kuhusu kalamu zinazosoma aya pale zinapoguswa msahafuni, na wanasesere wanaosoma sura fupi. Jibu letu ni kwamba sauti ya msomaji mzuri ni msaada mkubwa, hasa kwa nyumba ambayo wazazi hawajui tajwidi. Mtoto aisikilize na airudie. Lakini nyingi ya kalamu hizo zinasoma tu, hazisikii. Mtoto akitamka haa badala ya khaa, kalamu itaendelea mbele bila habari.

Qur'ani imepokewa kwa mdomo na sikio. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akidurusu na Jibril (A.S.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho wa maisha yake walidurusu mara mbili, kama alivyopokea Bukhari. Kama mbora wa viumbe alikuwa na wa kumsikiliza, vipi mtoto wetu aachiwe kalamu peke yake?

Bagamoyo yetu ni shahidi wa hilo. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa katika mji huo utotoni kutoka Kongo akiwa mtumwa. Aliinuliwa na elimu aliyoipata kwa kukaa mbele ya walimu, hadi akawa kiongozi wa Qadiriya na mwalimu ambaye wanafunzi walimjia kutoka mbali. Basi kalamu iwe ya kurudia nyumbani yale ambayo mwalimu ameshayasikiliza chuoni. Isiwe sababu ya kumtoa mtoto chuoni.

Barazani tena

Turudi Mapinga. Wiki chache zilizopita mwandishi alipita tena kuwajulia hali. Alimkuta binti barazani, roboti imesimama juu ya mkeka katikati yake na bibi. Aliyeleta mabadiliko hayo ni bibi mwenyewe. Alitoa sharti moja tu: roboti itawashwa baada ya swala ya Alasiri, barazani, na kila inalosema, mjukuu amwambie yeye kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye hajui Kiingereza na anataka kujua.

Siku hiyo roboti ilikuwa ikitaja sayari. Binti akaisikiliza, akamgeukia bibi yake: "Anasema ipo moja inaitwa Venus, inang'aa kupita zote."

Bibi akafikiri kidogo. "Inang'aa kupita zote? Hiyo si Zuhura hiyo? Babu yako alikuwa akiiona alfajiri akitoka baharini. Ndiyo maana shangazi yako tukamwita Zuhura."

Binti akaitazama roboti, akamtazama bibi. "Kumbe shangazi ni nyota?" Akaanza kuuliza maswali ambayo roboti ile isingeweza kuyajibu: babu alikuwa anatoka saa ngapi, ngalawa yake iliitwaje, na kwa nini wavuvi waitazame Zuhura. Roboti iliendelea kuimba peke yake mpaka bibi aliponyoosha mkono akaizima.

Ndugu msomaji, mwenye uwezo na anunue, kwa kuzingatia maswali tuliyoyataja. Asiyekuwa na uwezo asijione amemdhulumu mwanawe, maana kifuu cha nazi, kitambaa cha tanga na bahari ya Kaole vimeshafundisha mafundi wengi wa majahazi. Lakini wote wawili, aliyenunua na asiyenunua, wamuulize mtoto leo jioni: unachezea nini, na kinafanyaje kazi? Kisha wamsikilize anapojibu.

Wabillahi tawfiq.